Gari Lako au Basi la Wote: Mfanyakazi wa Dar es Salaam Ananunua Nini?

Nawashukuru kwa kuja jioni ya siku ya kazi, saa ambayo kila mtu katika jiji hili anapiga hesabu atoke ofisini sasa hivi au asubiri foleni ipungue.

Mada niliyopewa ni ya kila siku: mfanyakazi wa Dar es Salaam anunue gari la kwendea kazini, au aendelee na daladala na mabasi ya mwendokasi? Sikuja kumsimanga mwenye gari. Uwanja wa nje umejaa magari, na mengine ni ya rafiki zangu. Nilichokuja kusema ni kwamba tunapima jambo hili kwa kipimo kisicho chake. Tunaweka nauli upande mmoja na petroli upande wa pili, halafu tunashangaa mtu wa mshahara wa kawaida anapokwenda benki kukopa mamilioni ili aendeshe kwenye foleni ileile aliyokuwa akikaa akiwa abiria. Haendi haraka zaidi, na anajua hivyo tangu siku ya kwanza. Anachonunua ni uhakika. Nitaeleza kwa hoja nne, na hoja ya pili nitaikalia zaidi kwa sababu ndiyo yenye nyama.

Kabla ya hapo, historia kidogo kwa ajili ya wanafunzi. Kampuni ya mabasi ya DMT ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 tukapata shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA. Mabasi hayakutosha, vipuri vikawa shida, fedha za kigeni zikawa shida zaidi, na magari ya watu binafsi yakaanza kubeba abiria kwa kujiiba. Mwaka 1983 serikali iliyakubali ikayapa vibali, na daladala ikawa halali. Wazee mliomo humu mnaikumbuka chai maharage na mabenchi yake ya kutazamana. Vijana waulizeni nyumbani. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Wengi wao kesho asubuhi watatoka nyumbani wakielekea upande uleule, saa ileile.

Hoja ya kwanza: gari linakula hata likiwa limelala.

Tuchukue mfano. Mfanyakazi anaishi Mbezi, ofisi iko Posta. Kwenda na kurudi, pamoja na kuzunguka kidogo, anamaliza kama kilomita 1,000 kwa mwezi wa siku 22 za kazi. Ana gari dogo la aina ya Toyota IST, alilolinunua kwa milioni 16. Kwenye foleni tulipe kilomita 11 kwa lita, maana zile 15 za kwenye matangazo hupatikana usiku wa manane. Hiyo ni lita 90 hivi. Bei ya mafuta hutangazwa kila mwezi na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, inapanda na kushuka. Tuweke shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Mafuta ni shilingi 270,000.

Wengi wetu huishia hapo. Tuendelee. Gari la milioni 16 ukiliuza baada ya miaka mitano unaweza kupata milioni 9 na nusu. Tofauti hiyo ukiigawa kwa miezi 60 ni kama shilingi 110,000 kwa mwezi, fedha ambayo haitoki mfukoni kila siku na ndiyo maana hatuioni. Oili, matairi, bushi na breki, kwa barabara zetu za mitaani, tuweke 80,000. Bima kubwa, 50,000. Maegesho mjini, kwa 3,000 kwa siku, yanafika 66,000. Mwisho kabisa, zile milioni 16 zingekaa kwenye hatifungani au mfuko wa uwekezaji kwa faida ya asilimia 10 tu, zingezaa zaidi ya 130,000 kwa mwezi. Jumla inakaribia laki saba na elfu kumi.

Upande wa pili: bodaboda au bajaji hadi kituoni, daladala, kisha mwendokasi. Tuseme 2,500 kwa safari moja. Kwa mwezi ni 110,000. Hata ukijipa anasa ya kuita teksi ya mtandaoni mara nane kwa mwezi, siku za mvua na siku za kuchoka, kwa 20,000 kila mara, unafika 270,000. Yaani unalingana na petroli peke yake.

Tarakimu hizi ni za mfano. Kila mmoja akifika nyumbani abadilishe kwa gari lake na mtaa wake. Nina hakika uwiano hautabadilika sana. Na neno moja kwa wanaosema wenye magari ndio wanaojenga barabara. Tangu bajeti ya 2017/18 ile ada ya leseni ya gari ya kila mwaka iliondolewa, na kodi ya mafuta ikaongezwa shilingi 40 kwa lita. Abiria wa daladala naye analipia barabara kupitia nauli, kwa sababu daladala haiendi kwa maji.

Kama hesabu iko wazi hivi, kwa nini watu wenye digrii, wengine wahasibu kabisa, wananunua magari? Hapo ndipo hoja ya pili inapoanzia.

Hoja ya pili: kinachomkimbiza abiria ni kutojua.

Nendeni kituo cha Tabata Bima saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mtawaona watu waliopiga pasi nguo zao, begi mgongoni, wamesimama upande wa barabara usio wao. Wanakwenda Kariakoo au Posta, lakini wanapanda gari linaloelekea Segerea. Wakifika mwisho wa ruti hawashuki, wanageuza nalo. Konda anapita katikati anagonga sarafu: "Wanaogeuza, nauli zangu!" Wanalipa mara ya pili bila ubishi. Wamelipa nauli mbili, na wamepoteza nusu saa wakienda kinyume na kazini, ili wapate siti na wajue kwamba wameshaondoka. Gari hilohilo likifika pale Bima limejaa, wale ambao hawakugeuza wananing'inia mlangoni au wanabaki kituoni wakilitazama.

Ndugu zangu wanauchumi, huo ni utafiti wa soko unaofanyika kila alfajiri na hakuna aliyeufadhili. Mtu wa kipato cha chini kabisa anatuambia kwa fedha yake mwenyewe kwamba yuko tayari kulipa mara mbili, mradi awe na hakika ya kuondoka. Anayekopa benki anasema neno lilelile kwa fedha nyingi zaidi.

Mwajiri naye anaongeza uzito. Tuseme safari yako ya asubuhi leo imechukua saa moja, kesho saa moja, keshokutwa saa mbili na nusu kwa sababu gari limekatisha ruti au halikuja kabisa. Ukipiga wastani ni saa moja na nusu. Lakini hakuna bosi anayepokea wastani. Daftari la mahudhurio linataka ufike saa mbili kamili, kwa hiyo inakubidi utoke nyumbani kila siku kana kwamba ndiyo ile siku mbaya. Siku nzuri ukifika saa kumi na mbili na nusu unakaa nje na mlinzi mkisubiri ofisi ifunguliwe. Muda huo hauandikwi popote katika hesabu za usafiri, na umelipwa kwa usingizi wa mama mwenye watoto.

Nani anatengeneza huko kutojua? Tumezoea kusema ni tabia mbaya ya madereva na makonda. Mimi sikubaliani. Tazameni mkataba wao, au tuseme kukosekana kwake. Tajiri mwenye daladala anamkabidhi dereva gari kwa sharti la hesabu, kiasi maalumu kila siku jua liwake mvua inyeshe. Mafuta ni juu ya dereva, faini ya trafiki mara nyingi ni juu ya dereva, mpiga debe naye anataka chake. Kinachobaki baada ya hesabu ndiyo riziki ya dereva na konda, pamoja na deiwaka, yule dereva wa kushikiza, kama ameshika usukani saa mbili tatu. Matteo Rizzo, mtafiti aliyewafuatilia wafanyakazi wa daladala wa jiji hili kwa miaka mingi na kuchapisha kitabu mwaka 2017, aliandika jinsi wengi wao walivyofanya kazi bila mkataba wa maandishi. Mtu wa namna hiyo hawezi kuondoka kituoni na gari tupu kwa sababu ratiba imefika, atasubiri lijae. Akiona foleni mbele atakatisha ruti. Akiona mwenzake ametangulia atakimbizana naye hadi kituo kinachofuata. Mweke malaika kwenye usukani ule, baada ya wiki moja atakatisha ruti.

Mwendokasi ulikuja kuondoa huko kutojua. Mabasi yalianza kubeba abiria Mei 2016, kwenye njia yake ya zege ya karibu kilomita 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Nauli ya njia kuu ilianza na shilingi 650. Kwa mara ya kwanza mfanyakazi wa Kimara aliweza kumwambia mtu wa mjini, "Tukutane saa fulani," na akafika. Wenye magari, wenye magari nasema, walianza kuyaacha nyumbani. Jiji likapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018.

Halafu nini? Mpango wa awamu ya kwanza ulitaka mabasi 305. Huduma ya mpito ilianza na 140. Karakana ilijengwa Jangwani, bondeni mwa Mto Msimbazi, na mvua kubwa zilipokuja maji yakaingia kama ambavyo mkazi yeyote wa Jangwani angekwambia yataingia. Mabasi yaliyoharibika yakaongezeka, abiria wakaongezeka zaidi, na vituo vile vizuri vikaanza kujaa watu wa kusubiri. Njia ya zege ilikuwepo palepale. Kilichopungua ni uhakika, na pamoja nao yakaondoka mapenzi ya watu. Kule Barabara ya Kilwa tumeona jambo la ajabu zaidi: njia ya Mbagala ilikamilika, ikakaa muda mrefu ikisubiri mabasi, na wakazi wakiitazama kupitia dirisha la daladala iliyosimama kwenye foleni.

Ndiyo maana nasema tuache kujisifu kwa kilomita za zege. Usafiri wa umma upimwe kwa dakika anazosubiri abiria kituoni, tena kwa siku yake mbaya.

Hoja ya tatu: anayekimbia basi analiharibu zaidi kwa anayebaki.

Najua hii haipendezi masikioni. Lakini fuatilieni. Gari dogo lenye mtu mmoja linaingia Barabara ya Uhuru au Mandela na kuchukua nafasi. Foleni inarefuka kidogo. Daladala iliyokuwa ikienda na kurudi mara saba kwa siku sasa inakwenda mara sita. Hesabu ya tajiri haijashuka hata shilingi. Kwa hiyo dereva atabananisha zaidi, atakatisha ruti zaidi, atasubiri kujaza zaidi. Abiria mmoja pale nyuma, aliyesimama kwa mguu mmoja, anasema imetosha, anakwenda benki. Gari lake jipya linaingia barabarani, na mzunguko unaanza tena.

Tunachofanya ni kupanua barabara. Ndani ya miaka michache tumepata Daraja la Kigamboni mwaka 2016, barabara ya juu ya Mfugale pale TAZARA mwaka 2018, makutano ya Kijazi pale Ubungo mwaka 2021, Daraja la Tanzanite mwaka 2022, na njia nane kutoka Kimara kwenda Kibaha. Ni kazi nzuri, na aliyewahi kusota TAZARA kabla ya 2018 hawezi kuibeza. Lakini njia nane zile zilikuja kuyamwaga magari yake Kimara, mahali ambapo barabara ya kuingia mjini ilikuwa nyembamba. Foleni ilihama makazi. Mmarekani Anthony Downs aliandika jambo hili mwaka 1962: barabara ya haraka ikipanuliwa, msongamano wa saa za kazi hurudi kuijaza. Gilles Duranton na Matthew Turner walipima miji ya Marekani, wakachapisha mwaka 2011 kwamba barabara zikiongezeka, kilomita zinazoendeshwa huongezeka karibu kwa kiwango kilekile. Hao wana fedha kutuzidi, na hawakuweza kuijenga barabara ikaishinda foleni.

Nafasi ndiyo yenye kuamua. Njia moja ya magari ya kawaida, mambo yakienda vizuri, hupitisha kama magari 2,000 kwa saa. Mengi yana mtu mmoja au wawili. Tuseme watu 3,000. TransMilenio ya Bogotá, iliyoanza Desemba 2000 na ambayo mwendokasi wetu uliiga, imewahi kupitisha zaidi ya watu 40,000 kwa saa kwa upande mmoja, tena kwa njia mbili tu za mabasi. Mhandisi aliyeko mbele yangu anatikisa kichwa, nadhani anataka kuniambia kwamba hata Bogotá wanabanana. Ni kweli, wanabanana, na wanalalamika. Lakini wanapita.

Wapo watakaouliza kuhusu kuwatoza wenye magari wanapoingia katikati ya jiji, kama Singapore tangu 1975 na London tangu 2003. Jibu langu ni fupi: si sasa. Ukimtoza mtu kwa kutopanda basi ambalo halipo, umemtoza faini ya kuishi pembezoni kama Goba.

Hoja ya nne: wapo ambao gari ni haki yao, na tusiwaunganishe na wengine.

Muuguzi anayemaliza zamu wodini saa sita usiku. Mtu anayetumia kiti cha magurudumu, ambaye daladala haisimami hata akipunga mkono. Fundi mwenye mashine zake. Mzazi anayempeleka mtoto mwenye ulemavu upande mmoja wa jiji na kwenda kazini upande mwingine. Na wanawake. Mambo wanayofanyiwa wanawake katika basi lililobanana, na hofu ya kushuka kituo chenye giza, havimo katika hesabu yangu ya laki saba. Binti akiniambia amenunua gari kwa sababu hiyo, sina la kumjibu kwa tarakimu. Jibu lake ni taa za kituoni na basi lisilobanana.

Gari pia linabadilika sura likibeba watu. Majirani watatu wa Mbezi wanaofanya kazi mjini wakichangia gari moja, zile laki saba zinakuwa laki mbili na kitu kwa kila mmoja, na barabara imepungukiwa magari mawili. Mitaa mingi watu wanafanya hivi tayari bila mtu kuwaambia. Kwa wanaoniuliza faraghani wanunue au wasinunue, huwa nauliza kwanza hilo: kile kiti cha nyuma kitakaliwa na nani?

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo niseme tunakoelekea.

Waajiri kwanza, kwa sababu hawahitaji kumsubiri waziri. Ofisi nyingi za mjini huwadhamini watumishi kukopa magari. Fedha na juhudi hizohizo zinaweza kukodi basi la wafanyakazi kutoka Kimara, Mbagala, Gongo la Mboto na Tegeta. Rahisi kuliko hilo ni saa za kuingia. Hakuna sheria ya maumbile inayotaka benki, wizara, shule na maduka vyote vifunguliwe ndani ya saa moja. Ofisi moja ikiingia saa moja, nyingine saa tatu, basi lilelile litawabeba wote wawili, na wote wakiwa wamekaa.

Kwa upande wa daladala, sidhani zitaondoka, wala sitaki ziondoke. Hakuna basi la mita 18 litakaloingia Goba ndani au Chamazi. Zinahitaji kuunganishwa: wamiliki wawe katika ushirika au kampuni, dereva alipwe mshahara, na malipo ya gari yatokane na safari zilizofanyika kwa wakati badala ya vichwa vilivyokamatwa kituoni. Ni kazi ngumu, na itagusa mifuko ya watu, wakiwemo baadhi ya waheshimiwa wenye magari hayo. Bila hilo mwendokasi utaishia kituo cha mwisho, na abiria atashushwa kwenye vurugu ileile aliyoikimbia.

Awamu zinazofuata, ile ya Barabara ya Nyerere hadi Gongo la Mboto na ile ya Barabara ya Bagamoyo hadi Tegeta, zinatupa nafasi ya kuandika jambo hili kwenye mikataba mapema. Naomba mkataba wa kila mwendeshaji utaje dakika: saa za kazi abiria asisubiri zaidi ya kiasi fulani, na wakati mwingine kiasi fulani. Dakika hizo zibandikwe kituoni, kila mtu azione. Zikipita, malipo ya mwendeshaji yapungue. Na mabasi yahesabiwe kabla zege haijamwagwa.

Ombi langu la mwisho linawahusu ninyi mliokaa hapa. LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, inapotaka kubadilisha nauli huitisha mkutano wa maoni ya wadau. Wamiliki huja na mafaili yao, bei za matairi na bei za mafuta. Abiria huja wachache, wakasema nauli isipande, wakarudi nyumbani. Mkutano ujao twende wengi, na swali letu liwe moja: nauli hiyo mpya itanipunguzia dakika ngapi za kusimama kituoni? Mwenye vielelezo vya kituo chake, saa alizofika na saa alizoondoka, avilete vimeandikwa. Wanafunzi wa mipango miji wanaweza kuanza kuvikusanya wiki hii, na niko tayari kukaa nao kuvipanga.

Sasa maswali. Ningependa wa Mbagala na Tegeta waanze, kwa sababu wao wana safari.